MKONO WA NANI? HABARI ZA KIPIMO CHA DHIRAA

Mtu asomaye Maandiko hawezi kwenda mbali asikutane na neno "mkono" au "dhiraa" likitumika kwa kupimia. Safina ya Nuhu yapimwa kwa mikono (Mwanzo 6:15), na sanduku la agano vivyo hivyo (Kutoka 25:10), na hekalu la Sulemani, na kimo cha Goliathi, hata umbali wa mashua ya wanafunzi kutoka pwani, asubuhi ile walipovuta jarifa baada ya Bwana kufufuka (Yohana 21:8). Twasoma, twapita. Lakini katika darasa la Biblia mara nyingi hutokea mtoto mmoja akauliza: Mkono huo ni wa nani? Ni wa mtu mrefu au wa mtu mfupi? Wakubwa hucheka. Walakini swali ni la haki kabisa, nasi mwezi huu twataka kulijibu kwa kadiri tuwezavyo, kwa maana wako wataalamu wengi waliolitaabikia, na mmoja wao, kama tutakavyoona, alikosea akapotea njia katikati ya bahari.

Tuanze na mwili wenyewe, maana kila mtu anao. Mkono, ukiwa ni kipimo, ni kutoka kiwiko (wengine husema kisukusuku) mpaka ncha ya kidole cha kati. Huo ndio mkono kamili. Upo na mkono konde, ambao mtu hukunja ngumi akapima mpaka vifundo vya vidole tu, nao ni mfupi. Ndani ya mkono vimo vipimo vidogo. Wanda ni upana wa kidole kimoja. Nyanda nne zikiwekwa pamoja ni upana wa kiganja. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Na futuri ni fupi kuliko shibiri, ni kutoka gumba mpaka kidole cha shahada. Viganja sita, yaani nyanda 24, hufanya mkono mmoja. Shibiri mbili vilevile. Mikono miwili ni wari. Mikono minne ni pima, ndiyo urefu wa mtu anyoshapo mikono yake yote miwili huku na huku.

Msomaji na aweke gazeti hili chini kidogo, ajipime. Ataona ya kuwa shibiri zake mbili zakaribia sana mkono wake, na pima yake yakaribia kimo chake, toka unyayo hata utosi. Ndiyo sababu vipimo hivi vilionekana mahali pengi duniani, kwa watu wasiojuana kamwe. Hakuna aliyehitaji kufundishwa na mgeni. Tena havisahauliki nyumbani, wala havikopwi kwa jirani.

Kasoro yake ni hii, kwamba kila mtu anacho cha kwake.

Tulilijua jambo hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukijenga nyumba ya darasa katika mtaa mmoja wa usharika wetu. Kuta zilipokwisha simama, fundi wetu, mzee mwenye kimo kifupi lakini mwenye akili nyingi, alipima upana akatoa agizo: boriti kumi na nne, kila moja mikono saba. Agizo likapelekwa msituni na vijana wawili. Kijana mmoja alikuwa mrefu, naye ndiye aliyepima zile nane za kwanza. Zote zilipita ukuta kwa zaidi ya nusu mita, zikabidi kukatwa. Hilo si neno. Lakini wa pili, aliyependa kazi iishe upesi, alipima sita zilizobaki kwa mkono konde, wala hapana aliyemwambia kwamba amekosa, maana huo nao ni mkono. Boriti sita hazikufika ukutani. Miti ilikuwa ya fedha za sadaka, na mvua ilikuwa karibu. Katika mkutano wa wazee wa mtaa yalisemwa maneno makali, hata mtu mmoja akadai ya kuwa fundi na vijana wamekula fedha.

Mzee hakujibu sana. Alitwaa ufito, akauweka juu ya mkono wake toka kiwiko, akaukata mbele ya watu wote. Kisha akasema kwamba tangu siku hiyo mkono wake si mkono tena, wala wa kijana si mkono. Mkono ni ufito huu. Tulipompima baadaye kwa rula, mkono wa mzee ulikuwa sentimita 43 na nusu, na wa kijana mrefu sentimita 51. Zidisha tofauti hiyo mara saba, utapata sentimita 52 na nusu.

Jambo alilolifanya mzee yule chini ya mwembe lilifanywa katika nchi ya Misri zaidi ya miaka elfu nne iliyopita. Wamisri katika maandishi yao ya picha waliandika neno la kipimo hiki kwa kuchora mkono wa mtu, toka kiwiko mpaka vidole. Nao walikuwa na mikono miwili. Mkono mdogo ulikuwa wa viganja sita, kama wetu, karibu sentimita 45. Mkono wa kifalme ulikuwa wa viganja saba, nyanda 28, nao ulikuwa kama sentimita 52 na nusu. Kwa huo mkubwa ndiyo majengo ya wafalme yalipimwa. Piramidi kubwa ya Giza, kaburi la mfalme Khufu, kila upande wake chini ni mikono 440, na kimo chake kilikuwa mikono 280. Wapimaji wa siku hizi wameona kwamba kila upande ni mita 230 na kidogo, na pande zote nne zahitilafiana kwa sentimita chache tu. Maelfu ya watu walifanya kazi pale, warefu kwa wafupi. Kama kila mmoja angalitumia kiwiko chake, lisingalikuwa piramidi. Lingalikuwa lundo la mawe.

Fito zao nyingine zingaliko. Katika makumbusho ya Louvre, mjini Paris, umo ufito wa mti wa Maya, mtunza hazina wa mfalme Tutankhamun, aliyeishi zaidi ya miaka 1300 kabla ya kuzaliwa Kristo. Urefu wake ni sentimita 52 na theluthi hivi, na nyanda zake zimechorwa moja moja. Kule Turino katika Italia zimo fito mbili za bwana mmoja aitwaye Kha, aliyekuwa msimamizi wa wajenzi wa makaburi ya wafalme. Kaburi lake mwenyewe lilionekana mwaka 1906, halijavunjwa na wezi. Ufito mmoja umefunikwa dhahabu, ni zawadi ya mfalme, wala haukutumika kwa kazi. Wa pili ni wa mti tu, una bawaba katikati upate kukunjwa, na mfuko wake wa ngozi wa kuuchukulia. Twakiri kwamba huo wa pili ndio utupendezao zaidi. Huo uliifanya kazi.

Wamisri hawakupima majengo tu kwa mkono, walipima na njaa. Mto Nili ulikuwa ukifurika kila mwaka, na kimo cha maji ndicho kilichoamua kama watu watakula. (Wasomaji wetu wa Bukoba na Mwanza wajua ya kuwa Nili watoka katika ziwa lao, lakini furiko lile kubwa lilitoka hasa katika milima ya Uhabeshi, kwa mto wa Nili ya Buluu.) Kwa hiyo walichonga alama za mikono katika kuta na ngazi za kando ya mto. Mwandishi Mrumi Plinio, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aeleza kwamba maji yakifika mikono 12 tu, nchi itaona njaa. Yakifika 13, bado ni njaa. 14 yaleta uchangamfu, 15 yaondoa wasiwasi, na 16 ni furaha tele. Tazama jinsi upana wa mkono mmoja ulivyotenga nyumba yenye chakula na nyumba isiyo na chakula. Iko sanamu ya kale katika majumba ya Vatikano, mzee amelala, ndiye mto Nili, na watoto wadogo 16 wanamchezea na kumpanda mwilini. Watu huwahesabu watoto hao kuwa ndiyo mikono 16.

Baadaye, nchi ilipokuwa chini ya Waislamu, nguzo ya mawe ya marmari yenye pande nane ilisimamishwa katika kisiwa cha Roda, Kairo, mwaka 861, imekatwa alama za dhiraa toka chini hata juu. Na kodi ya mashamba ilifuata nguzo ile. Maji yasipofika dhiraa 16, mkulima hakutozwa kodi yote. Nguzo ingali imesimama, ila haina kazi, kwa sababu lango kuu la Aswani, lililokwisha kujengwa mwaka 1970, limezuia furiko.

Kwa Wababeli tutapita upesi. Nao walikuwa na mkono wao, wa nyanda 30, upatao nusu mita. Sanamu ya Gudea, mtawala wa mji wa Lagashi, aliyeishi zaidi ya miaka 2100 kabla ya Kristo, yaonyesha ameketi na ramani ya hekalu magotini pake, na rula yenye alama kando yake. Sanamu hiyo nayo imo Louvre. Haina kichwa, lakini rula imesalia.

Sasa twende Ulaya, maana huko ndiko walikotoka wamisionari walioleta Biblia katika nchi hizi, nao walikuja na mkono wao. Kijerumani huuita kipimo hiki Elle. Neno hilo asili yake ni mkono wa mtu, hata leo kiwiko kwa Kijerumani ni Ellenbogen, yaani pindo la Elle. Na Kiingereza vilevile, ell ni kipimo na elbow ni kiwiko. Martin Luther, alipoifasiri Biblia nzima, iliyotoka mwaka 1534, kila mahali penye mkono wa Kiebrania aliandika Elle. Alifanya vema, maana ndilo neno walilolijua watu sokoni.

Lakini Elle ya sokoni ilikuwa imekwisha kuuacha mwili wa mtu. Kila mji ulikuwa na yake. Ile ya Braunschweig ilikuwa sentimita 57. Ya ufalme wa Prussia ilikuwa karibu sentimita 67. Katika mji wa Wien, karibu na mlango mkuu wa kanisa la Mtakatifu Stefano, vyuma viwili vimepigiliwa ukutani, kimoja karibu sentimita 78, ndiyo Elle ya nguo za sufu, na cha pili karibu sentimita 90, ndiyo Elle ya kitani. Hapana mtu mwenye mkono wa namna hiyo, toka kiwiko mpaka kidole! Jina lilibaki, mkono ukaachwa nyuma.

Twaombwa wakati mwingine tueleze kwa nini chuma cha kupimia kitani kiliwekwa kanisani. Soko lilikuwa mbele ya kanisa, ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba ukuta ule haukuwa mali ya muuzaji wala ya mnunuzi. Mjane aliyenunua nguo akashuku kwamba amepunjwa, aliichukua hatua chache tu, akainyosha juu ya chuma mbele ya watu wote. Katika mji wa Freiburg mlangoni mwa kanisa kuu vimechongwa hata ukubwa wa mikate, pamoja na miaka yake: 1270, 1317, 1320. Mikate ya mwaka wa shibe ilikuwa mikubwa, ya mwaka wa njaa midogo, na kila mtu aliweza kwenda kulinganisha.

Walakini msomaji wa Biblia alipata shida. Fikiri mtoto wa Prussia zamani za mababu, amesoma habari za Goliathi, akatwaa Elle ya dukani kwa baba yake, akapima ukutani Elle sita na ziada yake. Goliathi wake alizidi mita nne. Kama angalikuwa mtoto wa muuza kitani wa Wien, angalizidi mita tano na nusu, na kichwa chake kingalitokea juu ya paa. Si kosa la Maandiko, wala si kosa la Luther. Mkono ulibadilishwa njiani, na neno halikubadilika.

Kosa la namna hii hii ndilo lililompata yule tuliyemtaja mwanzoni. Neno letu dhiraa ni la Kiarabu, na kwa Kiarabu pia maana yake ya kwanza ni mkono toka kiwiko. Waarabu walikuwa na dhiraa za namna nyingi. Nyingine za kupimia nguo, nyingine za ardhi, nyingine za majengo. Katika karne ya tisa Khalifa Al-Mamun wa Baghdadi alipeleka wataalamu wa nyota katika uwanda wa Sinjari, wapate kujua ukubwa wa dunia. Walikwenda kaskazini na kusini kwa kamba, wakitazama nyota, mpaka nyota ikapanda au kushuka digrii moja, kisha wakahesabu mwendo. Katika kitabu cha Al-Farghani hesabu hiyo iliandikwa kuwa maili 56 na theluthi mbili, kila maili ikiwa dhiraa 4000. Ukichukua dhiraa ya sentimita 49 na kidogo, kama wataalamu wengi waonavyo, maili yao ni karibu kilomita mbili, na dunia yote huzunguka kilomita elfu arobaini hivi. Walikaribia sana kweli.

Miaka zaidi ya 600 ikapita. Christopher Columbus akaisoma hesabu ile katika Kilatini. Maili 56 na theluthi mbili, alisema. Akafikiri ni maili za kwao Italia, zilizo kama kilomita moja na nusu. Hakuuliza ni dhiraa ya nani. Kwa hiyo dunia yake ilipungua karibu robo nzima, na Bara Hindi na Uchina zikaonekana kuwa karibu, ng'ambo tu ya bahari ya magharibi. Akasafiri mwaka 1492. Kama Marekani isingalikuwapo kati, ambayo yeye hakujua habari zake, merikebu zake zingaliishiwa na maji na chakula kabla ya kufika nusu ya njia. Wataalamu wa mfalme wa Hispania waliompinga walikuwa na haki katika hesabu, ingawa masimulizi ya shuleni huwafanya wajinga.

Huku kwetu pwani, dhiraa ya Kiarabu na mkono wa Kibantu vilikutana vikawa kitu kimoja, na kazi yake kubwa ilikuwa nguo. Katika njia za misafara, toka Bagamoyo mpaka Ujiji, nguo ya merikani ilikuwa ndiyo fedha. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kwamba shuka moja ilikuwa mikono minne. Shuka mbili zilifanya doti. Kwa shuka na doti wapagazi walilipwa posho, na majumbe walipewa hongo. Basi hesabu wewe. Mtu adaiwapo shuka 100, hiyo ni mikono 400. Apimaye akiwa na mkono uliopungua sentimita tano tu, mwenzake atakosa mita 20 za nguo, yaani shuka kumi na moja, wala hakuna aliyeiba. Je, ni ajabu kwamba hapo pangekuwa na magomvi? Wari ya Waingereza ndiyo iliyonyamazisha habari hizi madukani, kwa kuwa ni ya chuma. Nusu yake ikahesabiwa kuwa mkono mmoja. Tangu mapatano ya mwaka 1959 wari ni sentimita 91.44 kamili, basi mkono wa duka ni sentimita 45.72. Leo maduka hupima kwa mita, lakini kanga ingali inauzwa doti, na mama anunuaye doti hafikiri tena kwamba neno hilo lilikuwa hesabu ya mikono minane.

Mita nayo imeepuka mwili wa mtu kabisa. Mwaka 1799 Wafaransa waliifanya ufito wa madini, kwa kipimo cha dunia yenyewe. Tangu mwaka 1983 hata ufito umeachwa, na mita ni mwendo wa nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde.

Turudi sasa kwa Waisraeli, maana mtoto wa darasa la Biblia bado angoja jibu.

Kwanza, Maandiko yenyewe yajua kwamba mikono ni zaidi ya mmoja. Kitanda cha Ogu, mfalme wa Bashani, chasemwa kuwa kilipimwa kwa mkono wa mtu, yaani mkono wa kawaida (Kumbukumbu la Torati 3:11). Mwandishi wa Mambo ya Nyakati, atajapo urefu wa hekalu, aonya kwamba ahesabu kwa kipimo cha kwanza, cha zamani (2 Mambo ya Nyakati 3:3). Asingaliandika hivyo kama watu wa wakati wake hawakuwa wakitumia kingine. Na Ezekieli aliona mtu mwenye mwanzi wa kupimia, ambao kila mkono wake ulikuwa mkono pamoja na upana wa kiganja juu yake (Ezekieli 40:5 na 43:13). Viganja sita na kimoja ni saba. Msomaji atakumbuka viganja saba vya Misri. Hivyo nabii alikuwa na desturi ya mtoto wetu: alitaja kipimo, kisha akasema mara moja ni mkono gani.

Pili, upo ushahidi wa jiwe. Mfalme Hezekia, alipoogopa kuja kwa Waashuri, alifanya mfereji wa kuleta maji mjini Yerusalemu (2 Wafalme 20:20). Mfereji huo ulichimbwa chini ya ardhi katika mwamba, toka chemchemi ya Gihoni mpaka birika la Siloamu, na watu waweza kupita ndani yake hata leo, maji yakiwa magotini. Mwaka 1880 vijana waliokuwa wakicheza majini waliona maandishi ya Kiebrania cha kale ukutani. Yasimulia jinsi vikundi viwili vya wachimbaji vilivyoanza toka pande mbili, wakasikia sauti za wenzao ndani ya jiwe, wakachimba kuelekeana mpaka sururu ikagonga sururu, na maji yakaenda mikono 1200 mpaka birikani. Jiwe hilo lililokatwa ukutani limo leo katika makumbusho ya Istanbul.

Nasi mfereji tunao, twaweza kuupima. Una mita 533 hivi. Gawanya kwa 1200: mkono mmoja ni sentimita 44 na nusu kasoro kidogo. Yawezekana sana kwamba wachimbaji walitaja 1200 kwa kuikamilisha hesabu, wala hatupaswi kuishikilia sentimita moja kana kwamba ni sheria. Lakini walichimba wenyewe, waliandika wenyewe, na kazi yao ingali pale. Hatuna shahidi bora.

Basi mtu asomapo mkono katika Biblia, bila neno jingine, na ahesabu sentimita 45, au nusu ya wari, hatapotea. Safina huwa mita 135 kwa urefu, mita 22 na nusu kwa upana, na mita 13 na nusu kwa kwenda juu. Mashua ya Petro ilikuwa mita 90 kutoka pwani, umbali ambao mtu hodari aweza kuogelea, naye Petro alijitupa majini. Hekalu la Sulemani, mikono 60 kwa 20 (1 Wafalme 6:2), huwa mita 27 kwa 9, ila kama kipimo cha kwanza kilikuwa cha viganja saba, kama wengine wadhanivyo, ni mita 31 na nusu kwa 10 na nusu. Hapo wataalamu hawajapatana.

Na Goliathi? Kwa mkono huu, mikono sita na shibiri ni karibu mita 2 na sentimita 92. Lakini hapa twapaswa kusema neno jingine, ambalo halina habari na kiwiko cha mtu. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, na tena gombo la kitabu cha Samweli lililoonekana katika mapango ya Qumrani kando ya Bahari ya Chumvi, yasema mikono minne na shibiri, si sita. Hiyo ni mita 2 na sentimita mbili au tatu. Mtu wa namna hiyo twaweza kumwona hata leo katika timu ya mpira wa kikapu, na katika jeshi la siku zile alikuwa jitu la kutisha kweli. Basi mwalimu akiulizwa, na ayaseme yote mawili, wala asione haya.

Vitoto vya darasa letu vilipokwisha kupata maelezo haya, viliomba kulipima kanisa. Tukautwaa ule ufito wa mzee fundi, ambao ungaliko katika ghala ya shule, umepakwa moshi na mafuta ya mikono ya watu. Kanisa letu lilionekana kuwa mikono 48 kwa 19 za ufito ule, jambo lililowafurahisha, maana walidhani hekalu la Sulemani lilikuwa kubwa kama mji. Kisha mvulana mmoja akataka kujua kama ufito wenyewe ni wa kweli. Tukaupima. Ni sentimita 43 na nusu. Wapungukiwa na mkono wa wachimbaji wa Siloamu kwa nusu ya wanda.